Miaka Yangu ya Kufungua Midomo ya Sato

Nilianza kazi ya samaki mwaka wa michembe. Wenye umri wangu hawahitaji maelezo zaidi. Mvua ilikata mapema, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika kiunoni, na Mkolani nzima tukala michembe asubuhi, michembe mchana, na jioni, kwa kubadilisha, matobolwa. Kwa nyie mliokulia chipsi: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa ni viazi hivyohivyo ila vimechemshwa kwanza. Tofauti yake ni kama ya Jumatatu na Jumanne. Kitoweo kilikuwa mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kusafiri kwenda kwa wenye nazo. Mimi niliyanunua, nikayakaanga, nikayauza pale Mirongo kwenye beseni lililofunikwa gazeti.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kazini kwenye nyumba ya vifaranga wa samaki. Neema, mwenzenu, ndiye aliyeninunulia daftari, akaniambia, "Bibi, andika, maana ukisimulia unarukaruka." Nitaandika, na bado nitaruka. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha aanze na mwandiko. Mshahara siuandiki. Ulikuwa mdogo na ulijijua. Vyeo pia siviandiki, maana nilikuwa nacho kimoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakikuwa na jina mpaka nilipojipa mwenyewe: mfungua midomo.

Mteja wangu mmoja pale Mirongo alikuwa mzee wa Kihaya, mrefu, kola imenyooka, jina lake Kamugisha. Sisi tulimwita Ta Kamugisha, kwa heshima ya kwao. Alinunua mapanki kila siku, na kila siku aliyalalamikia.

"Mama Shija, kwetu Bukoba haya tungempa paka."

"Basi kale na paka, Ta. Mbona umerudi leo?"

Sikujua kwamba alikuwa ananitazama mikono. Nilikuwa na mteja mwingine, bibi kizee asiye na jino hata moja, na kila siku nilimchambulia nyama kwenye mifupa kwa vidole, asikutane na mwiba. Siku hiyo Ta Kamugisha alisimama mpaka bibi akamaliza kula, akaniuliza, "Unaweza kushika samaki mzima?"

"Aliyekufa nimemshika miaka yote. Mzima atanishinda nini?"

"Mzima ana maoni yake," akasema.

Yeye alikuwa fundi wa kuzalisha samaki kwenye shamba moja ufukweni, mbele ya Nyegezi. Mabwawa sita, matangi, na nyumba ndefu ya mabati ambayo ndani yake maji yalitiririka mchana na usiku. Niliingia mle kesho yake nikiwa na kanga mbili na kiburi kimoja.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa samaki. Alinipeleka bwawani, akanionyesha vyandarua vilivyofungwa kwenye miti, kila kimoja na samaki wazazi ndani yake, majike wengi na madume wachache. Akaniuliza sato anazaaje. Nikamwambia, anataga, kama kuku. Akacheka kwa pua.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo nilikaa ziwani tangu kuzaliwa bila kulijua. Sato jike anataga, dume anapita juu ya mayai, kisha jike anageuka anayachukua yote mdomoni. Anayabeba humohumo mpaka yaanguliwe. Wakati wote huo hali kitu. Chakula kinapita mbele ya pua yake, tumbo limembana mgongoni, na mdomo kaufunga kwa sababu ya watoto. Mimi nilikuwa nimelea wanne kwa michembe mwaka ule. Nikamwangalia yule samaki ndani ya chandarua, kidevu kimevimba, mbavu zinahesabika, nikasema moyoni, kumbe tuko wengi.

Tangu siku hiyo pale kazini samaki mzazi jike anaitwa mama. Sikulianzisha mimi jina hilo, lakini nadhani nimelitumia kuliko wote.

Kazi yenyewe ni hii, na naiandika kwa sababu kuna siku umeme utakatika na simu zenu zitazima. Kila baada ya siku chache unasogeza chandarua taratibu mpaka akina mama wakusanyike kona moja. Unamchukua mmoja kwa wavu wa mkono. Unamfunika macho kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu asipoona hapigani. Mwiba wa mgongoni unaulaza kwa kiganja, unatoka kichwani kwenda mkiani, usije ukaufuata kinyume. Mimi nina tundu kwenye kiganja la kuwathibitishia. Kisha kidole gumba kinabonyeza taya la chini, polepole, kama unamfungua mtoto anayekataa dawa. Unamwinamisha kichwa ndani ya beseni la maji na kumsukasuka kidogo. Mayai yanatoka. Ya manjano, madogo kama uwele. Akiwa na mayai ya siku nyingi utaona macho, nukta mbili nyeusi zinakutazama. Unamrudisha mama akapumzike na ale. Mayai yanaingia kwenye chupa za kuatamishia, maji yanapanda kutoka chini, na mayai yanabiringika humo kama maharage jikoni, ila haya yakichemka yamekufa.

Kabla ya yote hayo, unalowesha mikono mpaka kwenye kiwiko. Ta Kamugisha alinieleza hilo siku ya pili, na mimi nikalisikia kama tunavyosikia matangazo ya kanisani. Nilidhani ni madaha ya Kihaya.

Vyombo vyangu vilikuwa vitatu. Beseni la bati lenye maua ya bluu, aliloninunulia yeye, limebanduka rangi ukingoni. Kipande cha kanga kuukuu, maana kanga mpya inakwaruza. Na kipimajoto, ambacho nilijifunza kukisoma kabla sijaweza kusoma barua ya benki. Ta aliniwekea alama mbili kwa kalamu ya wino, akasema, "Chini ya hapa wamezubaa, juu ya hapa wanateseka. Katikati ndiko kwako."

Sasa nafika kwenye kosa langu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote lote zima, isipokuwa Neema.

Nina wifi yangu, Kwandu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye siku hizo alikuwa bado hai. Mungu alimpa sauti nzuri ya kwaya na mdomo wa kuitumia baada ya ibada. Miezi michache baada ya kuanza kazi, mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa maji, vidole vimekakamaa, kucha zina rangi ya matope. Jumapili moja, mbele ya akina mama wote wa kwaya, tulipopeana mikono akauvuta wake haraka.

"Jamani wifi! Mkono unakwaruza kama kenge! Kaka yangu analala na mnyama gani siku hizi?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini nililia njiani. Kwa hiyo ilipokuja Pasaka nilinunua mafuta ya mgando, kopo kubwa, nikajipaka usiku na asubuhi kwa wiki nzima. Siku ya Pasaka nilitoka kanisani mikono inang'aa. Hata Kwandu alisema, "Leo umekuwa mtu." Zamu ilikuwa yangu mchana huo. Nikaenda kazini moja kwa moja na gauni langu la sikukuu, nikafunga kanga juu.

Mikono yenye mafuta huteleza. Mama wa kwanza alinichomoka, wa pili akanichomoka. Nikajiona mjanja: nikaifuta mikono kwa kanga, nikaisugua mpaka ikakauka kabisa, na kweli, samaki akashikika kama gunzi. Nikafurahi. Nikasema, hawa wazee wanajifanya wanajua, kumbe maji ndiyo yanayotuchelewesha. Nilifungua midomo ya akina mama kumi na saba mchana ule, nikimaliza mmoja najifuta tena kwa kanga. Nilimaliza mapema kuliko siku zote. Nikaenda kula pilau.

Siku ya nne Ta Kamugisha aliniita bwawani. Hakupaza sauti. Alikuwa ameinua mama mmoja kwenye wavu, ndani ya maji, na ubavuni mwa yule samaki kulikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Haukutapakaa ovyo. Ulikuwa michirizi minne upande mmoja na mmoja upande wa pili.

"Weka mkono wako hapa juu," akasema. "Usimguse. Juu tu."

Nikaweka. Kidole kwa kidole.

Samaki ana ute mwilini. Ute ule ndio nguo yake, ndio kinga yake dhidi ya kila kijidudu kilichomo majini. Mkono mkavu unauvua. Mimi nilikuwa nimewavua nguo akina mama kumi na saba, siku ya Pasaka, kila mmoja nikamwachia alama ya vidole vyangu vitano.

"Hukusoma sana, Mama Shija," Ta akasema, "lakini saini unayo."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningemjibu. Badala yake akaleta chumvi ya mawe na beseni, akanionyesha kipimo, na tukawaogesha mmoja mmoja, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Tisa walikufa. Shimo lao nilichimba mwenyewe. Wanane walipona, magamba yakarudi, lakini ukiangalia vizuri uliona pale vidole vilipokaa pana rangi tofauti kidogo. Nilifanya kazi nao miaka mingine miwili, na kila nikimwinua mmoja wao nilijisoma.

Mwenye shamba, tajiri kama tulivyomwita, alikuwa hajaambiwa kwa nini wamekufa. Nikamwomba Ta anisemee. Akakataa. "Mimi siazimishi mdomo. Nenda na wako." Nikaenda. Tajiri alinisikiliza, akakunja uso, akasema nikachukue vitu vyangu. Ta Kamugisha alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yangu, sikujua.

"Ukimfukuza," akasema, "nitaajiri mwingine na atafanya kosa hilohilo kwa hasara yako. Huyu keshalifanya."

Nikabaki. Miaka yote niliyokula, watoto niliowasomesha, mjukuu wangu anayesoma chuo hapo Nyegezi na kuniletea maneno makubwa mezani, vyote vilipita kwenye sentensi ile ya mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Nimemshukuru akiwa hai. Alijibu, "Shukuru kwa kulowesha mikono." Alipostaafu akarudi kwao Kagera alikuwa ananipigia simu, na kabla hajauliza watoto wangu wanaendeleaje aliuliza, "Akina mama hawajambo?" Siku simu ilipotoka kwa mwanawe badala yake nilikuwa nimeshika beseni. Nililiweka chini, nikakaa juu ya ndoo, halafu nikainuka nikamalizia chandarua kilichobaki. Angenishangaa nisingemalizia.

Na lile kopo la mafuta nilimpa wifi Kwandu. Alifurahi sana. Alidhani ni zawadi.

Alipoondoka Ta, alikuja meneja mpya, Deo, mkwe wa tajiri. Ninyi mnamjua Deo wa sasa, mtaratibu, ana tumbo na busara. Huyu ninayemwandika alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye shamba la samaki. Nilimpa mwezi mmoja. Alikaa, na viatu vikawa vya kahawia.

Deo alipanua shamba likaenda ziwani, tukaanza kufuga kwenye vizimba, ile mifuko mikubwa ya nyavu inayoelea. Vizimba vilihitaji vifaranga wengi, na vifaranga wote walitoka kwa akina mama wetu, wale Ta aliowachagua miaka kwa miaka, akibakisha wanaokua haraka na kuuza wazembe. Hakuna mahali ungewapata wengine wa namna ile. Wangekufa, kazi ya maisha yake yote ingekuwa imekwisha, na sisi tungekuwa shamba la maji tu.

Asubuhi ziwa lilipogeuka nilijua kabla sijafika getini. Kulikuwa na upepo siku tatu, mkali, wa upande mmoja. Siku ya nne ukatulia, na njiani nikasikia harufu ya yai viza. Maji ya chini, yasiyo na hewa, yalikuwa yamepanda juu. Ufukweni watu walishaanza kuokota samaki kwa ndoo, wakidhani ni neema. Na pampu yetu, isiyo na pua, ilikuwa inavuta maji yaleyale inayaleta kwenye mabwawa.

Nilizima pampu mwenyewe. Sikuwa na ruhusa ya kugusa pampu. Bwawani akina mama walikuwa wamepanda juu wote, midomo nje ya maji, wanahema. Mnajua maana yake mama mwenye mayai kufungua mdomo. Mayai yalikuwa yanamwagika. Miaka niliyoifungua midomo ile kwa kubembeleza, asubuhi ile ilikuwa inafunguka yenyewe, na sikuwahi kuona jambo la kusikitisha kama lile pale kazini.

Deo akaja mbio na vijana wanane kutoka vizimbani. Wameshavaa glavu za pamba, zile za kuvutia kamba, kavu.

"Wakamueni mayai yote, haraka!" akasema. "Tuokoe mayai. Mama akifa afe, tutanunua wengine."

Akanyoosha mkono nimpe wavu. Wavu ulikuwa mmoja pale bwawani na ulikuwa kwangu. Nilisimama kwenye daraja dogo la mbao linaloingia bwawani, ambapo hawapishani watu wawili, na mimi nyakati zile sikuwa mwembamba.

Nikasema, "Mwenye mkono mkavu simpi mama."

"Bibi, toka njiani."

"Sitoki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na wewe ungejua unaongea na nani ungeshavua glavu."

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Deo bado alikuwa amenyoosha mkono. Sikumlaumu hata wakati ule. Samaki wanakufa mbele yako, baba mkwe yuko njiani, na kikongwe mmoja kakuzibia daraja. Lakini nilikuwa naona vidole vyangu ubavuni mwa wale mama kumi na saba, na nilijua vijana wanane wenye pamba mikononi wangeandika saini zao kwa kila samaki mle ndani. Wale ambao maji yangewaacha, ukungu ungewamaliza.

Nikamwambia, "Matangi mawili ya nyuma yana maji ya juzi, hayajachafuka. Tuwahamishe. Glavu chini, mikono mpaka kiwiko majini, kisha mnifuate. Ukitaka kunifukuza, nifukuze saa sita. Sasa hivi tuna kazi."

Akanitazama. Akawatazama samaki. Akavua saa yake akaiweka mfukoni, akapiga magoti pale kwenye matope, akachovya mikono. Vijana wakamfuata.

Tuliwahamisha wawili wawili kwenye mabeseni, tukikimbia bila kumwaga. Kwenye matangi hakukuwa na mashine ya hewa, kwa hiyo tulitia hewa kwa mikono: unachota maji kwa ndoo, unayainua juu ya kichwa, unayamwaga yapige kelele. Chota, inua, mwaga. Mpaka jua la mchana. Deo alichota pamoja nasi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi niliimba nyimbo za kulimia za Kisukuma, maana mkono bila wimbo unachoka, na yule kijana aliyekohoa akawa mwitikiaji mzuri kweli.

Tuliwapoteza wengi. Mayai yalikwenda karibu yote. Lakini jioni nilipoinama juu ya tangi, zaidi ya nusu ya akina mama walikuwa chini majini, mdomo umefungwa, wanatembea kama watu waliotoka msibani. Hakuna hata mmoja aliyeota ukungu. Baada ya wiki chache mmoja akaacha kula. Nikamwangalia kidevu. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Deo alinipa barua ya onyo kwa kuzima pampu na kukaidi amri. Ilikuwa na maneno ya ofisini nisiyoyaelewa, nikamwomba anisomee. Alianza vizuri, akafika katikati akacheka, akasema, "Bibi, hii ni ya faili tu. Nyingine hii hapa." Ya pili ilikuwa amri kwa wafanyakazi wote: hakuna kumgusa samaki mzazi kabla ya kulowesha mikono mpaka kiwiko. Barua zote mbili ninazo nyumbani, kwenye Biblia. Vifaranga wanaojaza vizimba upande huu wote wa ufuko leo ni vitukuu vya mama wale. Nikipita barabarani nikaona sato kwenye meza ya muuzaji, huwa nasimama kidogo. Wauzaji wanadhani nataka kupunguziwa.

Neema alikuja miaka ya mwisho, na cheti cha chuo na kucha za kubandika, nyekundu, ndefu kama kijiko cha sukari.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hizo kucha zinaingia mdomoni mwa nani?"

Asubuhi moja ilitosha, akazing'oa. Lakini habari ya mikono hakuipenda. Alisema ni imani za wazee, kama kutofagia usiku. Sikubishana naye. Ningeweza kumpa samaki mmoja amshike kwa mkono mkavu, aone baada ya siku nne, lakini sikutaka kumtoa samaki sadaka ili nishinde ubishi. Nilimwambia tu alowe, awe anaamini au haamini. Akawa analowa huku amenuna. Baada ya miezi akaja na daftari lake la chuo, uso umemshuka.

"Bibi, kumbe tulifundishwa. Ute wa samaki, mikono iloweshwe, ipo humu. Niliandika kwenye mtihani nikapata vema."

"Halafu?"

"Halafu nikasahau."

Siku hiyo ndipo nilipomsimulia Pasaka yangu. Hakucheka. Aliomba kuona mikono yangu, akaishika muda mrefu. Mnaotaka kujua kwa nini nilistaafu bila wasiwasi, sababu yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Ila wasiwasi mmoja ulibaki. Kulowa ukiwa na Bibi pembeni ni rahisi. Nilitaka kujua akiwa peke yake, mbele ya mkubwa, atafanyaje.

Sasa ile picha iliyoko ofisini. Wageni huuliza kwa nini yule mheshimiwa mwenye suti kalowa mpaka mabegani, kashika sato kwenye beseni la maua ya bluu, anacheka kama mtoto. Niwaambie ilivyokuwa, maana wengine mlikuwa nyuma kwenye foleni ya wali.

Ilikuwa siku ya kuniaga. Deo alialika watu, na mgeni rasmi alikuwa ndiye atakayeamua kama tunajengewa nyumba ya pili ya vifaranga. Tulijua wote. Jina la Neema lilikuwa limeandikwa kuwa ndiye atakayeisimamia, na Neema ana mtoto anayeanza shule. Mgeni alikuwa mtu mwema. Alinipa mkono, wangu ulikuwa umelowa nikampa kifundo kama tunavyofanya, naye akakishika vizuri bila kinyaa. Kisha akajipaka kitakasa mikono, akaisugua ikakauka, akasema anataka picha na mama mwenye mayai mdomoni.

Neema alikuwa ameshamtoa mmoja kwenye chandarua, yuko ndani ya beseni chini ya kitambaa. Kidevu kimejaa. Beseni limeshikwa na Neema, mikono yake inachuruzika.

"Bibi, mpe mheshimiwa amshike," Deo akasema. "Picha moja tu."

Nikasema, "Mwenye mkono mkavu simpi mama."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mstaafu. Mgeni naye akacheka, mikono bado kaikunjua, mikavu, inanukia hospitali. Mpiga picha akasema jua linaondoka. Deo alitoka jasho. Na mimi nilimwelewa: nilikuwa nastaafu, sina cha kupoteza, kukataa kwangu kulikuwa rahisi kama kupiga chafya. Akanipita. Akamsogelea yule mwenye cha kupoteza.

"Neema," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ni msomi. Mpe mheshimiwa huyo samaki."

Neema alinitazama. Nikageuza uso nikaangalia ziwani, makusudi, kama vile nimeona ndege mnandi anaiba samaki. Sikutaka kumsaidia hata kwa jicho. Nikasikia maji yakitikisika kwenye beseni, nikajua ameliinua. Nikasubiri. Kisha nikaisikia sauti yake, haina woga wala ufidhuli, sauti ya mtu anayetaja jina lake anapoulizwa:

"Mwenye mkono mkavu simpi mama."